Mnyororo wa kweli kwenye shingo ya zege: jinsi sanamu za malighafi mseto zinavyomkabili mtazamaji

Mkunazini, Unguja, kwenye uwanja wa kanisa kuu la Anglikana, kuna shimo la mraba, na ndani ya shimo hilo wamesimama watu watano wa zege. Shingoni wamevishwa pete za chuma, na pete hizo zimeungwa kwa mnyororo. Kazi hii ni ya mwaka 1998, ya mchongaji kutoka Sweden aitwaye Clara Sörnäs. Hapo jirani ndipo lilipokuwa soko la watumwa hadi Sultani Barghash bin Said alipolazimika kulifunga mwaka 1873. Waongozaji wa wageni hueleza kwamba mnyororo ule ni wa enzi yenyewe, wala haukutengenezwa kwa ajili ya sanamu.

Mchongaji angeweza kuumba mnyororo kwa zege ileile. Kazi ingekuwa nyepesi zaidi, na sanamu ingekuwa na rangi moja kuanzia juu hadi chini. Lakini mnyororo wa zege ungekuwa picha ya mnyororo, kitu kilichotengenezwa ili kitazamwe, na mtazamaji angelijua hilo mara moja. Ule wa chuma ulitengenezwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo tunaijua. Hata bila kuushika, mkono unaukisia uzito wake. Jicho linatangulia kuona sanamu, kisha linagota kwenye kitu ambacho si sanamu, na hapo ndipo mtu anapoacha kutazama kazi ya sanaa akaanza kufikiria shingo.

Makala haya yanahusu kugota huko: kunatokana na nini, kwa nini sanamu nyingine zina malighafi za kila aina na bado hazimgusi mtu, na fundi anafanya nini hasa anapounganisha chuma na zege, mfupa na plasta, dumu na shanga, kwa nia ya kumweka mtazamaji uso kwa uso na jambo.

Tukisema sanamu ya malighafi mseto, tunamaanisha sanamu iliyoungwa kwa vitu viwili au zaidi vya asili tofauti, na mara nyingi baadhi ya vitu hivyo vilikuwa na maisha yao kabla ya kufika karakana. Wengi hudhani kwamba ujumbe wa sanamu kama hiyo unakaa kwenye umbo: uso wenye huzuni, ngumi iliyoinuliwa, njiwa. Mimi naona kinyume. Katika kazi zilizo bora, hoja inabebwa na malighafi yenyewe, na umbo ni njia tu ya kuifikisha malighafi hiyo mahali ambapo mtazamaji hawezi kuikwepa. Fundi hodari huijua historia ya kila kipande anachokiunga, kisha hujizuia kuizungumzia juu yake.

Mfano mfupi kuliko yote ni wa Paris, mwaka 1936. Meret Oppenheim alichukua kikombe cha dukani, kisahani chake na kijiko, akavifunika vyote kwa ngozi ya swala yenye manyoya. Basi. Leo viko Museum of Modern Art, New York. Hapakuchongwa kitu na wala hapana sura ya mtu, lakini anayevitazama hujikuta mdomo wake umekataa. Manyoya peke yake hayamsumbui mtu, kikombe peke yake ni cha chai. Vikikutana, mwili wa mtazamaji unajibu kabla akili haijauliza swali. Kila kazi nitakayoitaja hapa chini inatumia ufundi huohuo, isipokuwa kwamba kwenye kikombe cha Oppenheim kilichokutana ni hisia mbili, na kwenye hizi nyingine zinakutana historia.

Tuanze na Maputo, kwa sababu huko jambo hili lilifanywa na watu wengi kwa pamoja, na lilianza kama kazi ya amani kabla ya kuwa sanaa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji, kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo, vilianza mwaka 1977 na kumalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Inakadiriwa watu milioni moja walikufa kwa risasi, njaa na maradhi. Mkataba ulinyamazisha bunduki, haukuzitoa vijijini. Zilifukiwa mashambani, zilifichwa darini, nyingine zilibaki mikononi mwa vijana ambao hawakuwa na kazi nyingine waliyoijua. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane, likaanzisha mpango wa kubadilisha silaha kuwa majembe. Mtu alileta bunduki akapewa jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Silaha zilizokusanywa zilikatwakatwa ili zisitumike tena, na vipande vikapelekwa kwa wasanii wa Núcleo de Arte, jumuiya ya wasanii iliyopo Maputo.

Mmoja wao ni Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kwa jina la Kester. Mwaka 2001 alichomelea vipande hivyo akatengeneza kiti cha enzi, ambacho mwaka uliofuata kilinunuliwa na British Museum, London. Ni kiti cha kweli, chenye miguu, mikono na mgongo, na ukubwa wake ni wa kukaliwa na mtu. Ukikisogelea unaanza kutambua vipande: mitutu, magazini, vitako. Zimo AK za Ulaya Mashariki na Korea Kaskazini, zimo G3 walizotumia Wareno. Hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika.

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu kiti hiki kinasema mambo mengi na Kester hakuandika juu yake hata neno moja. Kwanza, ni kiti cha enzi. Katika sehemu nyingi za bara hili kiti cha mkubwa ni alama ya mamlaka, na hakuna asiyejua maana ya kukikalia. Kukijenga kwa bunduki ni kusema mamlaka ile ilikaa juu ya nini. Pili, bunduki zenyewe zinaeleza zilikotoka. G3 ni ya vita vya kikoloni vilivyomalizika kwa uhuru wa mwaka 1975. Nyingine ni za vita vilivyofuata, ambavyo Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu zilivichochea. Msomaji wa Tanzania naye ana sehemu yake hapa. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Tuliunga mkono vita vile vya ukombozi, na nina hakika tulikuwa na haki. Lakini kiti hiki hakitenganishi bunduki ya ukombozi na bunduki ya uporaji. Zimechomelewa pamoja, mtutu kwa mtutu, na mtazamaji anaachiwa kazi ya kuzitenganisha kama anaweza.

Tatu, na hili ndilo linaloonyesha ufundi wa Kester: juu ya mgongo wa kiti kuna vitako viwili vya bunduki, na kila kimoja kinaonekana kama uso. Matundu ya skrubu ni macho, na mahali pa kupitisha mkanda ni mdomo. Nyuso hizo hakuzichonga yeye. Zilikuwamo kwenye bunduki tangu kiwandani, na yeye alichagua vipande vyenye sura akaviweka mahali ambapo sura hizo zingeonekana. Kuchagua huko ndiko kuchonga kwake. Angechonga nyuso mbili za mbao zenye machozi, tungesema ni kazi ya kusikitisha, tukaendelea na safari. Sasa tunatazama silaha inayotutazama, na tunajua hakuna aliyeidanganya iwe hivyo.

Kester pamoja na Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté walitengeneza baadaye, kwa ajili ya British Museum hiyohiyo, mti mzima wa silaha wenye uzito wa karibu nusu tani, wenye majani na wanyama chini yake. Ni kazi kubwa na inapendwa, lakini naiweka nyuma ya kile kiti. Mti wa uzima ni alama ya matumaini ambayo mtu huisoma kwa sekunde moja akatosheka. Kiti kinamsumbua, kwa sababu kina nafasi ya mtu kukaa, na nafasi hiyo iko wazi.

Vitabu vingi vya sanaa huanzia habari ya sanamu mseto Ulaya, mwanzoni mwa karne ya 20, pale wasanii wa Paris walipoanza kuunga mabati, kamba na vipande vya baiskeli. Huo ni mwanzo wa Ulaya tu. Wakongo wa nyanda za chini za mto Kongo, sehemu ambazo leo ni Angola na Kongo zote mbili, walikuwa na minkisi (umoja: nkisi), yaani sanamu zilizotiwa dawa na mganga, kabla ya hapo, na kwa maana tunayoizungumzia hakuna sanamu iliyowahi kumkabili mtu kama nkisi nkondi.

Mchongaji alichonga mtu wa mbao, mara nyingi mkono mmoja umeinuliwa juu kushika mkuki. Hapo kazi haikuwa na nguvu yoyote; lilikuwa gogo lenye umbo. Mganga ndiye aliyeikamilisha. Alijaza dawa kwenye tundu la tumboni au kichwani: udongo wa makaburini, mimea, vitu vya wanyama, kila kimoja kwa sababu yake. Tundu la tumboni likazibwa kwa kombe au kioo, ili kinachong'aa kiwe mlango wa kuonea yasiyoonekana. Kisha watu wakaanza kuja. Waliogombana wakapatana walikula kiapo mbele yake na kupigilia msumari au kipande cha chuma mwilini mwake. Aliyeibiwa alipigilia wake. Miaka ilivyopita mwili ukafunikwa na vyuma, na kila chuma kilikuwa neno la mtu fulani. Anayesimama mbele ya nkisi nkondi anakuwa mbele ya mapatano yote ya kijiji, pamoja na adhabu inayomngoja atakayeyavunja.

Hapa malighafi haikuongezwa kwa ajili ya uzuri. Msumari ni tendo. Ndiyo maana Wazungu waliofika mwishoni mwa karne ya 19 waliziogopa, wakazinyang'anya nyingi na kuzisafirisha hadi majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Baadhi zilifika huko zikiwa tumbo tupu, dawa imetolewa. Mtazamaji wa leo anaona misumari na kusema ni sanamu ya kutisha, wakati mwenyeji wa wakati ule angeona hati za mikataba. Nalisisitiza hili kwa vijana wanaodhani kuunga vitu tofauti ni mtindo wa kigeni wanaopaswa kwenda kuusomea ng'ambo.

Romuald Hazoumè wa Porto-Novo, Benin, analifahamu hilo vizuri, na kazi yake iitwayo "La Bouche du Roi", aliyoijenga kati ya mwaka 1997 na 2005, ni somo la jinsi historia mbili zinavyogonganishwa. Malighafi yake kuu ni dumu la petroli. Nchini Benin petroli ya magendo huletwa kutoka Nigeria kwa pikipiki zilizosheheni madumu, na madumu hayo hupashwa moto ili yatanuke yabebe zaidi, hadi ukuta wa plastiki unakuwa mwembamba wa kutisha. Mengine hulipuka pamoja na dereva wake. Hazoumè alikata madumu 304 akayageuza vinyago. Mdomo wa dumu ni mdomo wa mtu, mshikio ni pua, na kazi iliyobaki ni ndogo sana. Vingine alivitundika shanga au vitu vingine vya kuonyesha mungu anayeabudiwa na mwenye uso huo.

Kisha akavipanga sakafuni kwa umbo la meli. Umbo lenyewe ni la mchoro wa meli ya Brookes ya Liverpool, uliochapishwa Uingereza mwaka 1788 na wapinzani wa biashara ya utumwa, unaoonyesha watu waliolazwa ubavu kwa ubavu kama mbao. Jina la kazi ni la mahali kwenye pwani ya Benin walikopakiliwa watumwa. Kuna sauti zinazoita majina, na kuna harufu. British Museum iliinunua, ikaionyesha mwaka 2007, miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ile.

Mtu angeweza kutengeneza vichwa 304 vya udongo katika umbo lilelile la meli. Ingekuwa kumbukumbu nzuri ya watu waliokufa zamani, na mtazamaji angetoka na huruma isiyomgharimu kitu. Dumu linamnyima njia hiyo. Ni la juzi. Lilibebwa na kijana aliye hai, naye kama dumu hilo hujazwa hadi anakaribia kupasuka ili mtu mwingine apate faida, halafu anatupwa. Kwa kuweka dumu la juzi ndani ya meli ya mwaka 1788, Hazoumè anauliza kama biashara ile ilikoma kweli, na anauliza bila kusema. Nyuma ya chombo amewaweka wafalme wawili, mweupe na mweusi. Hilo nalo ni jambo la kukabili, hasa kwetu Waafrika, na hasa kwetu watu wa pwani, ambako misafara ya kutoka bara iliongozwa pia na watu waliozungumza lugha hii ninayoiandika.

Malighafi ikishapatikana, kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau: mwili wa mtazamaji utakuwa wapi? Jane Alexander alipokuwa mwanafunzi Johannesburg, katikati ya miaka ya 1980 wakati Afrika Kusini ikitawaliwa kwa hali ya hatari, alitengeneza watu watatu wa plasta wenye ukubwa wa binadamu, wenye pembe na mifupa ya wanyama, midomo imezibika, masikio hayapo, mgongo umepasuka. Kazi hiyo, "Butcher Boys", iko Cape Town. Mifupa ile ni ya kweli, na inafanya kazi kama mnyororo wa Mkunazini. Lakini kinachomwondolea mtu amani ni benchi. Wamekaa kwenye benchi la kawaida, kama watu wanaosubiri zamu yao ofisini, bila jukwaa la kuwainua. Jukwaa humwambia mtazamaji kwamba kilicho juu yake ni sanaa na yeye yuko salama. Alexander aliliondoa, akawaacha wale watatu kwenye sakafu anayokanyaga yeye.

Edward Kienholz, Mmarekani, alikwenda mbali zaidi. Kazi yake ya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, "Five Car Stud", ina magari ya kweli manne na pikapu moja yaliyoegeshwa kwa duara gizani, taa zimewashwa. Katikati wazungu waliovaa vinyago vya mpira wamemwangusha mtu mweusi, wanamhasi. Kwenye gari moja kuna kijana anatazama. Anayetaka kuiona inabidi aingie ndani ya duara, na akishaingia taa za magari zinammulika yeye pia. Hana tena mahali pa kusimama pasipo na maana: ama ni shahidi, ama ni kama yule kijana garini. Baada ya kuonyeshwa Kassel, Ujerumani, mwaka 1972, ilinunuliwa ikafungiwa Japani, na haikuonekana tena hadharani hadi 2011.

Pale Mkunazini mtazamaji husimama ukingoni akainamisha macho. Nimewahi kuwasikia watu wakisema shimo lile linawadhalilisha watu wale mara ya pili. Mimi nalisoma hivi: anayesimama ukingoni yuko pale angesimama mnunuzi. Sijui kama kila mgeni anayepiga picha analitambua hilo, lakini mwili wake tayari umewekwa mahali hapo.

Freddy Tsimba wa Kinshasa anajulikana kwa kuchomelea maganda ya risasi, vijiko na mapanga. Amewahi kujenga nyumba nzima kwa mapanga. Lakini kazi yake ninayoiona kali kuliko zote haina chuma. Katika jumba la makumbusho la Afrika huko Tervuren, Ubelgiji, kuna ukuta wa zamani wenye majina ya Wabelgiji zaidi ya 1,500 waliokufa Kongo wakati wa utawala wa Mfalme Leopold wa Pili. Tsimba aliandika kwenye vioo vya madirisha yanayoelekea ukuta huo majina ya Wakongo saba waliokufa Tervuren mwaka 1897, walipoletwa kuonyeshwa kwa umma katika vijiji vya maonyesho. Jua likiwaka, kivuli cha majina saba hupita juu ya majina 1,500. Malighafi yake ni kioo, jua na ukuta uliojengwa na wengine kwa nia nyingine kabisa.

Sasa kushindwa. Sanamu nyingi za aina hii hushindwa, na hushindwa kwa njia zinazofanana. Ya kwanza ni kutisha kwa ajili ya kutisha. Damu ya rangi, fuvu la plastiki, mwanasesere aliyekatwa kichwa: mtu anashtuka, anacheka, anapita. Mshtuko usio na historia nyuma yake hauachi kitu. Ya pili ni maneno mengi. Msanii anaunga chupa za plastiki akatengeneza samaki, kisha anaandika kwenye tumbo la samaki "okoa bahari". Chupa zilikuwa zimeshasema, na kwa maandishi yale amempa mtazamaji ruhusa ya kukubaliana upesi na kuondoka. Ya tatu ni uzuri unaomeza jambo. Gonçalo Mabunda, naye wa Maputo, ametengeneza viti vingi vya enzi na vinyago kwa silaha, na vimenunuliwa sehemu nyingi za dunia. Namheshimu kwa kazi yake. Hata hivyo nadhani kiti cha bunduki kikishakuwa pambo la sebule ya tajiri, kikaangaziwa taa nzuri karibu na meza ya vinywaji, kitu fulani ndani yake kimezimwa, na si lazima kosa liwe la msanii.

Ya nne ndiyo inayonihangaisha zaidi: kutumia mali ya waliodhurika bila idhini yao. Kiatu cha mtoto aliyezama, nguo ya aliyebakwa, mfupa wa binadamu. Malighafi hizo zina nguvu kuliko chochote, na kwa sababu hiyohiyo hazipaswi kuchukuliwa kirahisi. Wanakijiji wa Msumbiji walileta silaha zao kwa hiari na wakapewa kitu cha kuwasaidia kuishi. Hilo ni sehemu ya kazi ya Kester kama ulivyo moto wa kuchomelea. Msanii anayeokota kiatu ufukweni na kukiuza ndani ya sanamu hana utetezi wa namna hiyo.

Na kuna ufundi, ambao wanaoandika kuhusu sanaa huuruka kana kwamba vitu vinashikana vyenyewe. Malighafi tofauti hazipendi kukaa pamoja. Mbao hutanuka masika na kunywea kiangazi, chuma hakifuati, kwa hiyo ukikaza mbao kwenye fremu ya chuma kwa bolti zisizo na nafasi, mbao itapasuka. Tundu la bolti lipanuliwe kidogo kukatisha nyuzi za mbao. Alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Lamu huliwa, hivyo weka washa (kipete bapa) ya mpira au plastiki katikati. Plasta juu ya nondo tupu hunyonya unyevu, nondo inashika kutu, inavimba, na plasta inachanika kutoka ndani. Paka nondo rangi ya kuzuia kutu kwanza. Mfupa usiochemshwa na kutolewa mafuta utaleta wadudu na kuchafua rangi. Dumu la plastiki halishiki gundi nyingi za dukani; lifunge kwa waya, lipige riveti, au uliunganishe kwa joto, na ujue kwamba jua litalifanya liwe jepesi kuvunjika.

Mengine ni ya uhai. Usikate kwa grenda wala usichomelee pipa au dumu lililowahi kubeba petroli, hata kama linaonekana tupu miaka mitano sasa, kabla halijaoshwa na kujazwa maji. Mvuke uliobaki ndani unalipuka. Mabati yenye zinki yakichomelewa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka, kwa hiyo kwangua zinki kwanza na fanya kazi mahali penye upepo. Risasi isiyolipuka ikiokotwa haipelekwi karakana, inaripotiwa polisi.

Sehemu ya kiungo yenyewe ni uamuzi wa maana. Mafundi wetu wa jua kali wanajua kusaga mshono wa kuchomelea hadi usionekane, na kwa lango la nyumba hiyo ni sifa. Kwa sanamu inayokusudia kumkabili mtu, mara nyingi ni bora mshono ubaki. Mshono ukionekana, mtazamaji anajua vitu hivi viwili havikuzaliwa pamoja, kwamba kuna mtu aliyevikutanisha kwa makusudi. Ukifichwa, bunduki inakuwa ufito tu wa kiti.

Jambo la mwisho linawahusu wenye kumbi za maonyesho, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam na Kampala. Vibao vingi vya maelezo huandika jina la msanii, mwaka, na kisha "malighafi mchanganyiko", nukta. Kwa sanamu za namna hii kibao hicho kimeficha nusu ya kazi. Kama ni dumu, andikeni lilibeba nini na liliokotwa wapi. Kama ni bati, semeni lilitoka kwenye paa la nani, ikiwa mwenyewe amekubali kutajwa, na kama ni bunduki, aina yake, nchi ilikotengenezwa na mahali iliposalimishwa. Maelezo hayo ni mistari mitatu, hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo, na msanii ndiye anayeyajua kuliko mtu yeyote. Aulizwe siku anayoileta kazi, kabla hajapokea malipo na kurudi karakana.